Kibaoni tuandike nini: thieta, ukumbi wa michezo au maigizo? Na neno lenyewe lilitoka wapi?

Kibos_Sanaa (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Kuna ukumbi wa viti 200 unaokaribia kufunguliwa hapa Kisumu, na kibao chake cha barabarani bado hakijapata maneno ya Kiswahili. Njia ya kuingilia ni moja na ya hospitali ya jirani, kwa hivyo kibao kitakuwa kimoja chenye mishale miwili. Ukiandika THEATRE, aliyeleta mgonjwa wa kupasuliwa ataufuata mshale huo hadi mlangoni pa jukwaa. Ukiandika UKUMBI WA MICHEZO, watu watakuja na njumu mkononi.

Naomba wajuzi mnieleze neno hili lilizaliwaje na lugha nyingine zimelishughulikia vipi, kisha mnishauri Kiswahili kisichokosewa maana. Kibao ni plaiwudi ya futi 8 kwa 4, na nusu ya juu ndiyo yetu.

---

Kamusi_Maseno

Mwanzo ni Ugiriki. Neno ni *theatron*, nalo lina vipande viwili: *thea-*, kutazama (kitenzi chake *theasthai*), na *-tron*, kiambishi tamati kinachotaja kifaa au mahali pa kufanyia tendo. Ukilitafsiri kipande kwa kipande unapata "pa kutazamia".

Sasa angalia lilivyotumika. Kwa Wagiriki wa kale *theatron* halikuwa jengo zima. Lilikuwa upande wa watazamaji peke yake, yaani safu za viti zilizochongwa kwenye mteremko wa kilima. Epidaurus, ambako mteremko huo umebaki karibu mzima tangu karne ya 4 kabla ya Kristo, kuna safu 55: 34 za chini na 21 zilizoongezwa juu baadaye. Mbele ya viti palikuwa na uwanja wa duara ulioitwa *orchestra*, kutoka kitenzi cha kucheza ngoma, kwa kuwa hapo ndipo kwaya ilipochezea. Nyuma ya uwanja kulikuwa na *skene*, maana yake hema au kibanda, ambamo waigizaji walibadilishia mavazi. Baadaye majina yakahama. *Orchestra* likahamia kwa wapiga ala, *skene* ikawa sehemu ya mchezo, na *theatron*, jina la viti, likameza nyumba nzima.

Warumi walilichukua kama *theatrum*, na kupitia Kilatini likasambaa: *théâtre* Ufaransa, *teatro* Italia na Hispania, *Theater* Ujerumani, *tiyatro* Uturuki, *teatteri* Ufini. Urusi leo ni *teatr*, ila katika karne ya 18 waliandika pia *featr*, maana th ya Kigiriki iligeuka f midomoni mwao. Ndiyo sababu Theodoros wa Wagiriki ni Fyodor kwa Warusi.

Waingereza walilipata kwa Wafaransa katika karne ya 14, na kwa muda mrefu lilitaja magofu ya Wagiriki na Warumi tu. Lilipewa jengo lao wenyewe mwaka 1576, James Burbage alipojenga ukumbi Shoreditch, London, na kuuita The Theatre, kana kwamba hakutakuwa na mwingine. Mwishoni mwa 1598 ulibomolewa, na mbao zake zikajenga ukumbi wa Globe mwaka 1599.

Kuhusu tahajia: wengi husema *theater* ni uharibifu wa Wamarekani. Si hivyo. Mwisho wa *-er* ulikuwa wa kawaida Uingereza kwenyewe katika karne ya 16 na 17, kisha *-re* ikashinda huko kwa mvuto wa Kifaransa. Noah Webster, mtunzi wa kamusi, aliusimamisha tu ule wa zamani upande wa Marekani.

Na kabla mtu hajaliandika: halihusiani na *theos*, mungu. Kosa hili huja kirahisi kwa sababu michezo ya Athens ilifanyika katika sikukuu za mungu Dionisi, basi watu huona *the-* mwanzoni wakaruka. Ndugu yake halisi ni *theoria*, kutazama, neno lililozaa "theory". Waarabu walipotafuta neno lao la dhana hiyo walipita njia ileile: *nazar* ni kutazama, wakapata *nazariyya*, nasi tukapokea nadharia. Mandhari, ambayo wanafunzi huichambua katika fasihi, imetoka mzizi huohuo wa kutazama.

---

Isimu_Webuye

Mwalimu amefunga upande wa waliokopa. Mimi nitawataja waliokataa, kwa sababu hao ndio watakaomfaa Kibos.

Wapo waliochukua maana ya Kigiriki wakaijenga upya kwa udongo wa nyumbani. Kicheki kina *divadlo*: kitenzi cha kutazama pamoja na *-dlo*, kiambishi cha kifaa kinachofanya kazi ileile ya *-tron*. Kislovenia ni *gledališče*, "tazama" na "mahali". Kiayalandi ni *amharclann*, tena kutazama na mahali. Waholanzi, ingawa wanalo *theater*, wana pia *schouwburg*, "ngome ya kutazamia". Halafu kuna Waserbia na Wakroatia, majirani wanaoelewana bila mkalimani, ambao hapa waliachana: Mserbia husema *pozorište*, kutoka neno la kuwa makini, na Mkroatia husema *kazalište*, kutoka kusema.

Waislandi hawakujali macho. Kwao ni *leikhús*, nyumba ya mchezo, na *leikur* ni mchezo wa aina yoyote, hata mechi ya kandanda. Ni utata uleule wa "ukumbi wa michezo", ila wao huokolewa na neno "nyumba", kwa kuwa mpira hauchezwi ndani ya nyumba. Kwetu "ukumbi" hauokoi kitu. Ngumi, vinanda vya harusi na mikutano ya chama vyote hufanyika ukumbini.

Wawili ninaowapenda zaidi walianza na nyasi. Kijapani kina *shibai*, mchezo wa kuigiza: *shiba* ni nyasi na *i* ni kukaa, kwa maana watazamaji walikaa kwenye nyasi za uwanja wa hekalu. Jina la mahali pa kukaa likawa jina la kitu kinachotazamwa, na jengo likahitaji jina lingine, *gekijō*. Kiarabu ni *masrah*, na katika Kiarabu cha kale hilo ni malisho, mahali mifugo inapotolewa kwenda kula. Mzizi ni s-r-h, kuachia mifugo ikatembee, na *ma-* ya mwanzo ndiyo hutengeneza jina la mahali. Maana ya jukwaa ilikuja kwenye enzi mpya, Waarabu walipotaka kuachana na *tiyatro* ya kukopa. Mfugaji wa Trans Nzoia angekisoma kibao hicho kwa maana ya zamani akateremsha ng'ombe.

Kiswahili kinge­weza kufuata njia ya Wacheki, lakini hapo tunakwamia kwenye neno "maonyesho". Muundo wake ni safi kabisa: ona, onyesha, onyesho. Wafini wana ngazi ileile: *nähdä* ni kuona, *näyttää* ni kuonyesha. Tofauti ni kwamba wao walibadilisha viambishi tamati ili kutenga maana. *Näytelmä* ni mchezo wa kuigiza, *näyttely* ni maonyesho ya picha au bidhaa, *näyttämö* ni jukwaa. Sisi tumeyabebesha yote neno moja. Andika UKUMBI WA MAONYESHO Kisumu au Nakuru na nusu ya wasomaji watawaza maonyesho ya kilimo, mahindi na fahali wa kushindania utepe.

---

Omera_Kondele

Nyongeza fupi. Wagiriki walisema kutazama, lakini Warumi walikuwa na *auditorium*, kutoka kitenzi cha kusikia. Wavietinamu ni *nhà hát*, nyumba ya kuimbia. Na *Odeon*, ambayo Wakenya wengi wanaijua kama steji ya matatu Nairobi, ni Kigiriki *odeion*, jumba la nyimbo.

Kwa hiyo swali la kwanza si "neno gani", ni "unalitaja kwa jicho, kwa sikio au kwa tendo la aliye jukwaani?"

Halafu kichekesho cha hapa kwetu: Dholuo *neno* ni kuona, *aneno* ni naona. Mswahili akisema neno anawaza sikio, Mjaluo anawaza jicho.

---

Tafsiri_Nakuru

Nianze na hospitali, maana ndiko mgogoro wa Kibos uliko, na hautokani na uvivu wa Wakenya. Upasuaji ulipata jina hilo kwa sababu ulitazamwa. Mwaka 1594 Chuo Kikuu cha Padua, Italia, kilijenga chumba cha kupasulia maiti chenye ngazi sita za kuzunguka meza, wanafunzi wakisimama juu na kuchungulia chini. London bado kipo chumba cha mwaka 1822, juu darini mwa kanisa la St Thomas, chenye hatua za mbao za kusimama wanafunzi. Watazamaji wakaondolewa kwa ajili ya usafi, jina likabaki. Wamarekani walilibadilisha wakasema chumba cha upasuaji. Sisi tulifuata Uingereza. Matokeo yake, mtu wa kawaida huku akisema "amepelekwa thieta", anamaanisha hospitali mara tisa kwa kumi. Hilo si kosa la kusahihishwa, ndiyo lugha ilivyo, na kibao kiiheshimu.

Kanuni ya kutafsiri ni kuangalia kinachofanyika mle ndani, kisha ukatupa herufi za Kiingereza. Ya hospitali ni chumba cha upasuaji. Ile ya vyuo vikuu kama Egerton au Maseno yenye viti vya ngazi ni ukumbi wa mihadhara. Ya filamu ni ukumbi wa sinema. Ile ya majenerali ni uwanja wa vita. Somo la chuoni ni sanaa za maonyesho, na hapo "maonyesho" halina tatizo kwa kuwa "sanaa" imeshatangulia na kulifunga. Jina lililosajiliwa halitafsiriwi: Nakuru Players Theatre hubaki hivyo hata katikati ya sentensi ya Kiswahili.

Kwa ukumbi wako, chaguo zilizopo nazipima hivi.

*Thieta* lina sauti zote za Kiswahili, kwani th tunayo tangu zamani katika thelathini na thamani. Lakini hospitali imelishika.

*Tamthilia* wengi hulikimbilia, na hapana. Limetoka Kiarabu, mzizi m-th-l wa kufananisha, ukoo mmoja na mithili, methali na mathalani. Ni jina la mchezo, hasa ulioandikwa. Haliwezi kutaja nyumba peke yake. "Nimetoka tamthilia" ni kama "nimetoka riwaya".

*Tamasha* lina historia tamu: Waarabu walikuwa na neno la kutembea pamoja, Waajemi wakalifanya la kutazama vitu vya kupendeza, India likawa jina la aina ya mchezo wa jukwaani, na sisi tukalipokea likiwa sherehe. Lakini tamasha ni tukio la siku moja au wiki moja. Jengo linakaa mwaka mzima.

*Ukumbi wa michezo* umeshauona mwenyewe. Kurasa za michezo magazetini ni mpira, na Bukhungu kule Kakamega ni uwanja wa michezo. Ukiongeza "ya kuigiza" utata unaisha kabisa, ila jina linarefuka.

*Ukumbi wa maigizo* ndilo ningelichagua. Iga, igiza, igizo, maigizo. Mtu wake ni mwigizaji, kazi yake uigizaji. Msomaji wa darasa la nne analielewa, na hakuna hospitali wala timu inayolidai.

Sarufi yake: ukumbi ni ngeli ya U-ZI. *Ukumbi huu umejaa, kumbi hizi zimejaa.* "Maukumbi" na "ukumbi za" yanaonekana kwenye mabango mengi, yasiingie kwenye lako. Maelekezo ya kwenda ni *ukumbini*.

---

Lugha_Kakamega

Mulembe nyote. Nakubaliana na Tafsiri karibu kote, ila "maigizo" lina doa ambalo hakulitaja. Kwenye siasa na mitandaoni, "hayo ni maigizo tu" maana yake ni unafiki, kujifanya. Ukumbi wa Maigizo unaweza kusomeka kama dhihaka, hasa ukiwa wa serikali.

Si Kiswahili pekee kilichofika hapo. Mwigizaji kwa Kigiriki aliitwa *hypokrites*, na neno hilohilo ndilo lililoingia Kiingereza kama "hypocrite", mnafiki. Hata *shibai* aliyoitaja Isimu: Mjapani akisema mtu anafanya shibai, mara nyingi anamaanisha anajifanya. Drama nayo, kutoka kitenzi cha Kigiriki cha kutenda, mtaani kwetu ni vurugu na visa.

Mimi ningeandika UKUMBI WA SANAA. Ni fupi, ni ya heshima, na inabeba pia ngoma, mashairi na muziki, ambavyo ukumbi wa viti 200 hauwezi kuvikwepa ukitaka kulipa stima.

---

Tafsiri_Nakuru

Doa lipo, nakubali. Lakini linaonekana kwenye sentensi, si kwenye jina la mahali. Hakuna anayesoma kibao chenye mshale akafikiri ameelekezwa kwa wanafiki. Na "sanaa" peke yake inaleta hasara nyingine: mpita njia atategemea picha ukutani na vinyago vya kuuza. Kama ukumbi utakuwa na ngoma na muziki kwa uzito sawa na michezo, basi Lugha ameshinda. Kama ratiba yake kubwa ni michezo ya kuigiza, neno la tendo lenyewe ni bora. Kibos atuambie ratiba.

---

Kibao_Naka (Nakuru)

Mnajadili maana, acheni niwapimie ubao. Futi 8 ni sentimita 244. Ukiacha ukingo wa sentimita 12 kila upande na nafasi ya mshale ya 30, unabaki na takriban 190 za maneno.

Kwa kibao cha barabarani, hesabu ya kawaida ni inchi 1 ya urefu wa herufi kwa kila futi 10 za umbali ili isomeke bila kukodoa macho. Herufi za sentimita 15, yaani inchi 6, zinasomeka vizuri kutoka futi 60, kama mita 18. Kwa bodaboda inayopunguza mwendo kwenye kona hiyo inatosha. Usishuke chini ya hapo.

Herufi kubwa pana za kawaida, pamoja na mwanya wake, hula wastani wa asilimia 70 ya urefu wake. Herufi ya 15 basi ni 10.5 kwa upana. Hesabuni na nafasi kati ya maneno:

UKUMBI WA MICHEZO YA KUIGIZA, nafasi 28, sentimita 294. Haiingii. Itabidi mistari miwili, na nusu ya ubao ina sentimita 61 tu kwenda chini. Mistari miwili ya 15 na mwanya wa 10 inakaa, lakini Kiingereza kitakosa pa kukaa kwa ukubwa huo.

UKUMBI WA MAIGIZO, nafasi 17, sentimita 179. Mstari mmoja, unaingia.

UKUMBI WA SANAA, nafasi 15, sentimita 158. Unaingia na kubakisha.

Makosa yanayoharibu vibao vya maneno marefu ni mawili. La kwanza ni fundi kuanza kuchora kushoto bila kuhesabu, herufi tatu za mwisho zikabanwa kama abiria wa nyuma. Piga mstari wa katikati kwa penseli, tafuta herufi ya katikati ya maneno, anza hapo kwenda pande zote mbili. Kwa UKUMBI WA MAIGIZO katikati ni nafasi ya 9, yaani A ya "WA". La pili ni kuacha kingo za plaiwudi bila rangi. Maji huingilia pembeni, tabaka zikaachana, na maneno yakapasuka yakiwa bado mapya. Kingo zipakwe praima, rangi ya msingi, mara mbili kabla ya uso.

Na mshale wa hospitali uwe wa rangi tofauti, pamoja na msalaba. Mwenye mgonjwa hasomi, anatafuta alama.

---

Kibos_Sanaa (Kisumu)

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Ratiba ni michezo ya kuigiza siku nne kwa wiki, muziki siku moja. Kwa hiyo juu itakuwa:

UKUMBI WA MAIGIZO →
Theatre hall

na chini, upande wa hospitali:

← HOSPITALI
Thieta na wodi

Kiingereza kwa herufi za sentimita 8. Kuna kasoro?

---

Tafsiri_Nakuru

Ipo moja. Umeliondoa "thieta" kwako ukalipeleka kwa jirani, sawa, lakini "Theatre hall" bado imebeba lilelile kwa Kiingereza, tena juu yake. Anayesoma mbio atayaona mawili kwenye mishale inayopingana. Andika "Drama hall" au uache Kiswahili peke yake. Kwa hospitali waombe waandike "Chumba cha upasuaji", kisha "thieta" lisionekane popote kwenye ubao.

---

Kibao_Naka (Nakuru)

CHUMBA CHA UPASUAJI ni nafasi 19, karibu mita 2 kwa herufi za 15. Haiingii na mshale. Kwa herufi za 12 ni sentimita 160, itakaa. HOSPITALI ibaki na 15.